Binti wa Mrimba Anadai Filamu

Treni inakata nyika ya Manchuria, majambazi wameizingira na mabehewa yameshika moto. Chiyoko Fujiwara, msichana anayeanza kazi ya uigizaji, anahangaika humo ndani akitafuta pa kutokea. Anaufikia mlango, anausukuma kwa nguvu zake zote, na unapofunguka nyika haipo, reli haipo. Yumo ndani ya ngome ya kale ya Kijapani inayoungua, amevaa mavazi ya binti wa mfalme aliyeishi karne kadhaa kabla ya treni kuwepo duniani. Pamoja naye wamo watu wawili ambao kwa akili ya kawaida hawawezi kuwamo: mtengenezaji wa filamu Genya Tachibana na mpiga picha wake, waliokwenda kumhoji Chiyoko nyumbani kwake akiwa bibi kizee aliyestaafu zamani, na sasa wamo katikati ya vita huku kamera yao ikiendelea kurekodi. Hakuna ukungu wa ndotoni wala maandishi chini ya picha ya kutujulisha kwamba tumeyaacha maisha yake na kuingia katika filamu aliyoigiza. Mlango umefunguka, basi, na sisi tumeshaingia.

Filamu hiyo ya katuni, Sennen Joyū, maana yake mwigizaji wa miaka elfu, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Aliyeiongoza, Satoshi Kon, alizaliwa mwaka 1963 na saratani ya kongosho ikamwondoa mwaka 2010 akiwa na miaka 46, akiwa amekamilisha filamu ndefu nne tu. Ya kwanza, Perfect Blue ya mwaka 1997, nayo ni ya mwigizaji wa kike. Mima Kirigoe anaacha kundi la wasichana watatu waimbaji ili aigize katika tamthilia ya televisheni inayohusu mauaji. Anagundua kwamba kuna ukurasa wa intaneti uitwao Chumba cha Mima, ambamo mtu asiyemjua anaandika kana kwamba yeye ndiye Mima, na anajua hadi mguu anaoutanguliza akishuka kwenye treni. Karibu na mwisho Mima anazinduka kitandani. Chumba ni chake, vitu vyote viko mahali pake. Kisha anawaona samaki wadogo wakiogelea kwenye tangi la kioo, na samaki wake walikwisha kufa. Kumbe chumba hiki ni nakala, na aliyeitengeneza yuko hatua chache tu kutoka alipo.

Wengi huzisoma filamu hizi mbili kama habari za akili iliyovurugika: mwanamke amevaa nyuso nyingi hadi ameupoteza wake. Nazisoma kinyume. Chiyoko hapotei hata mara moja; katika kila zama anajua anamkimbilia nani. Mima naye, pamoja na hofu yake yote, ndiye anayewatambua samaki. Waliovurugikiwa ni wale wanaomtazama. Shabiki anayemwinda Mima, pamoja na yule aliyeijenga nakala ya chumba chake, wote wanaamini kwamba yuko Mima mmoja tu wa kweli, yule waliyempenda wao, na kwamba huyu aliyebadilika ni mwizi wa jina. Genya ni mtazamaji pia, tena aliyependa kwa miaka mingi, lakini anamkubali Chiyoko akiwa mjumbe wa siri, akiwa geisha, akiwa mwanaanga, na kila anapokuwa hatarini anaingia ndani ya tukio kumwokoa. Tofauti kati ya watazamaji hao wawili haitokani na kujua au kutojua kwamba picha ni picha. Mmoja anataka mwanamke yule abaki vile alivyomkuta. Mwingine anamfuata anakokwenda. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mchanganyiko wa kweli na kubuni unaomzunguka mwigizaji wa kike tunaufanya sisi tunaomtazama, na kwamba filamu ya katuni ndiyo yenye njia ya kuuonyesha bila kumdanganya mtu. Na nikijiuliza ni wapi Afrika Mashariki filamu ya namna hiyo ina kazi inayoisubiri, naiona Kilwa, na pwani yote ya kusini mpaka Lindi.

Kilwa Kisiwani inajulikana duniani kwa mawe yake. Msikiti Mkuu ulioanza karne ya 11 na kupanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa lake la pembe nane, ngome ya Gereza inayoikabili bandari: haya pamoja na magofu ya Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakahesabiwa kuwa hatarini mwaka 2004, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha ya hatari. Watu waliokaa ndani ya mawe hayo tunawajua kwa njia nyingine, yaani kwa simulizi, na simulizi za Kilwa zina milango kama ule wa treni ya Chiyoko. Simulizi ya Kiswahili iliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907 inamtaja Mzee Mrimba, Mmachinga, mwenyeji wa kisiwa. Mshirazi, mgeni wa Kiajemi, anafika kwa jahazi, anapokewa vizuri, anaozwa binti wa Mrimba, na kisiwa kinalipiwa kwa vitambaa vya kukizunguka. Mrimba anahamia bara akiwa na nia ya kurudi kwa vita maji yatakapokupwa, kwa kuwa zama hizo watu walivuka kwa miguu. Sultani anasoma Qurani na kutoa kafara, na bahari inajaa isikauke tena mpaka leo.

Tarikhi ya Kiarabu ya Kilwa inamwita mnunuzi Ali bin al-Hasan, na kitambaa cha kuzunguka kisiwa kimo humo pia. Sasa sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan zimechimbuliwa Kilwa kwa wingi. Mtu huyo alikuwepo, alitawala, alipiga fedha kwa jina lake. Kitambaa chake hakuna atakayekichimbua. Tendo lililobuniwa limevishwa mtu wa kweli, na kwa karne kadhaa watu wa Kilwa wameyabeba yote mawili pamoja bila kuona haja ya kuyatenganisha. Hata shahidi aliyefika kwa miguu yake mwenyewe hatusaidii sana kutenganisha. Ibn Battuta alikuwa Kilwa mwaka 1331, katika utawala wa al-Hasan bin Sulaiman aliyeitwa Abu al-Mawahib. Katika maandishi yake mji ni mzuri mno, nao umejengwa kwa miti. Ilhali sisi tunaokanyaga Husuni Kubwa tunakanyaga matumbawe na chokaa. Ni yeye pia aliyesimulia jinsi fakiri wa Kiyemeni alivyomwomba Sultani nguo alizovaa, siku ya Ijumaa watu wakitoka msikitini, na Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine na kumpa zile. Fakiri akaondoka na nguo za mfalme. Katika habari za Kilwa, nguo hazikai kwa mtu mmoja.

Ndani ya simulizi ya Mrimba ndimo alimo mwanamke ninayemfikiria. Binti wa Mrimba anatambulishwa kwa baba yake na kwa mume wake. Ndoa yake ndiyo inayoufanya ugeni wa Mshirazi uwe ukoo, na bila yeye kitambaa kingekuwa biashara tu, lakini simulizi ina haraka ya kufika kwa masultani watakaofuata. Anaingia akiwa binti wa mwenyeji, anatoka akiwa mama wa watawala, na kati ya pande hizo mbili ana kazi moja tu, kushika nafasi aliyopangiwa. Hiyo ni kazi ya uigizaji, hata kama hakuna jukwaa. Yeye ndiye Chiyoko wa pwani yetu: mwanamke mmoja anayepitishwa katika zama zote, kutoka kijiji cha wavuvi hadi mji uliotawala biashara ya dhahabu ya Sofala, hadi mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida walipoupora, hadi Kilwa Kivinje ya karne ya 19 na misafara yake ya pembe na watumwa, hadi boti za leo kati ya Kilwa Masoko na Kisiwani. Filamu ninayoiona inamweka mwigizaji wa leo, mwanamke wa Lindi au Kilwa aliyepewa nafasi ya kumwigiza binti huyo, na kumwacha afungue mlango mmoja baada ya mwingine.

Kwa nini basi ichorwe? Kwa nini isipigwe kwa kamera, palepale magofuni? Tanzania ina filamu ya watu halisi iliyogusa jambo hili kwa ustadi. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2001, mwaka uleule wa Sennen Joyū, inamhusu Samehe, mwanamke aliye katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye hasemi, na mzimu wa kale unaomjia. Amandina Lihamba anamwigiza kwa ukimya unaobeba filamu nzima, na mtazamaji anabaki akijiuliza mzimu ule unaonekana kwa nani. Filamu hiyo naiheshimu sana. Hata hivyo kamera inakuja na ahadi ambayo mwongozaji hawezi kuivunja: kilichoko mbele yake kilikuwepo. Mtu akipiga Kilwa ya Abu al-Mawahib kwa kamera ana njia mbili. Ama awaweke watu wa mwaka 1331 ndani ya kuta zilizobomoka, ama ajenge kuta mpya na kutuapia kwamba Husuni Kubwa ilikuwa hivi, ukuta huu ukiwa wa jiwe, paa lile likiwa la makuti, wakati mtalii wake mashuhuri kuliko wote anasema miti na magofu yanasema mawe. Mchoraji hana shida hiyo. Ukuta wake unaweza kuwa mti mwanamke anapoupita na kuwa jiwe anapogeuka nyuma, na hakuna aliyedanganywa, kwa sababu tangu sekunde ya kwanza kila mstari tuliouona ulitoka mkononi mwa mtu. Kon aliijua nguvu hiyo. Treni na ngome vimechorwa kwa wino mmoja, hakuna kilicho halisi zaidi ya mwenzake, na ndiyo maana mlango ule unafunguka kwa urahisi namna ile.

Mwanahistoria atanishika hapo hapo, na ana haki. Historia ya pwani, atasema, imeteseka vya kutosha kwa kuchanganywa na hekaya. Wakoloni waliishika hekaya ya Mshirazi wakadai kwamba mawe haya yasingeweza kujengwa na Waafrika. Ikachukua miongo ya uchimbaji, pamoja na uchambuzi wa lugha wa Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985, kuurudisha Uswahili kwa wenyewe. Leo unataka kuwapa watoto wa shule filamu ambamo kitambaa kinazunguka kisiwa na bahari inatii dua? Jibu langu linaanzia makaburini. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa, Songo Mnara na Lindi zikiwamo. Katika wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, na sehemu kubwa ya urithi huo ilikuja kwa upande wa wanawake. Asili ya Asia, kubwa yake ikiwa ya Uajemi, ilikuja zaidi kwa wanaume, na mchanganyiko ulianza takriban mwaka 1000. Yaani mifupa inasema wageni waume walioa wenyeji, na hilo ndilo jambo ambalo simulizi ilikuwa imelihifadhi tangu zamani katika umbo la ndoa moja.

Sisemi kwamba maabara imethibitisha hekaya. Vinasaba havimjui Mrimba, havijui kitambaa, na vinaeleza ndoa za vizazi vingi katika miji mingi. Ninachosema ni kwamba waliobuni tukio la binti kuozwa walikuwa wamebeba ukweli ambao wasomi waliusogelea kwa shida, wengine wakimkana Mshirazi kabisa, wengine wakimkana mwenyeji, na kwa muda mrefu walioachwa nje ya pande zote mbili walikuwa mama wa watu wa pwani. Mtoto wa shule ya Kivinje akiiona filamu ambayo haifichi kwamba imechorwa, ataelewa kwamba bahari haikujaa kwa sababu ya kafara, na atabaki na swali zuri zaidi: kwa nini wazee walitaka tukumbuke kwamba maji yalizuia njia ya kurudi? Filamu inayojidai kuwa historia kamili haimpi nafasi ya kuuliza. Ile ndiyo inayomdanganya.

Pingamizi la pili linatoka katika dini na heshima, na pwani hii haistahili kupewa jibu la haraka. Wapo wanaoona kuchora kiumbe chenye roho hakufai, na anayeshikilia hivyo sina hoja ya kumwondoa hapo. Wengi zaidi wana wasiwasi na mwanamke kuwekwa mbele ya macho ya watu. Kwa hao nadhani katuni ina kitu cha kutoa ambacho filamu ya kamera haina, nacho ni stara. Katika Perfect Blue kuna mahali Mima analazimika kuigiza tukio la kubakwa kwa ajili ya tamthilia. Kamera inasimama, taa zinarekebishwa, na kijana anayeigiza mbakaji anamwomba radhi kwa sauti ndogo huku bado wamelala palepale wakingoja amri ya kuendelea. Ni kipande kizito kukitazama, kwa kuwa kinaonyesha gharama anayolipa mwigizaji hata pale kila mtu anapojua kwamba ni mchezo. Lakini mwanamke tunayemwona ni mistari. Hakuna binti wa mtu aliyelala pale. Aliyeitoa sauti yake aliitoa akiwa amevaa nguo zake, akarudi nyumbani na uso wake ukiwa wake. Binti wa Mrimba anaweza kuolewa, kulia, kujifungua na kuzeeka katika skrini bila mwanamke yeyote wa Kilwa kuuzwa sura yake sokoni.

Sura ya mwigizaji kutochukuliwa si jambo dogo katika nchi hii. Watanzania tunawaita waigizaji wetu kwa majina ya kazini hadi yale waliyopewa na wazazi yanakuwa siri ya nyaraka. Fatuma Makongoro ni Bi Mwenda, Chuma Suleiman ni Bi Hindu, Blandina Chagula ni Johari, Yvonne Cherrie ni Monalisa. Tangu michezo ya Kaole Sanaa Group ilipowaingiza wasanii sebuleni mwa watu kupitia televisheni, mpaka wimbi la Bongo Movie na siku ile ya Aprili 2012 maelfu walipofurika kumzika Steven Kanumba, mtazamaji wa Kitanzania amewapenda waigizaji kwa moyo wote na amedai kitu kwa kuwapenda. Anayeigiza mchawi anaangaliwa kwa jicho la mchawi. Anayeigiza mke mwovu anasemwa kama mke mwovu. Ni mapenzi yaleyale ya mwenye ukurasa wa Chumba cha Mima: nakujua, usibadilike. Mwanamume huyachukua mapenzi hayo kwa wepesi zaidi. Amri Athumani aliishi na kufa akiwa Mzee Majuto, na jina hilo lilimfungulia milango. Mwanamke anayeitwa kwa jina la nafasi aliyoigiza mara nyingi hubebeshwa na lawama za nafasi hiyo. Ndiyo maana nataka filamu yetu ya katuni iwe juu ya mwigizaji, na isiwe juu ya Sultani. Tunahitaji kuonyeshwa sisi wenyewe tukitazama.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya Kijapani, ya kigeni kwa mtu wa kusini, aende kwanza kwenye ngoma za mapiko. Wamakonde wa Lindi na Mtwara wanacho kinyago cha kiwiliwili cha mwanamke mjamzito: matiti, tumbo lililojaa, kitovu, na chale za Kimakonde zilizopangwa juu ya ngozi ya mti. Anayekivaa ni mwanamume, na kichwani huvaa kinyago kingine cha uso wa mwanamke, mara nyingi chenye nywele halisi za binadamu. Anacheza uchungu wa mimba mbele ya wake waliouonja kweli. Asiyeingia jandoni huambiwa kwamba anachokiona kimetoka kwa wafu. Aliyetoka jandoni anajua kuna jirani yake humo ndani, na anaendelea kuogopa kwa adabu ileile. Hapo maarifa mawili yanakaa katika kichwa kimoja, na jamii nzima inayatunza bila mtu kupata wazimu. Kon hakubuni kitu ambacho watu wa nyanda za Makonde wasingekifahamu mara moja.

Na kuhusu mtazamaji kuvumilia Genya na mpiga picha wake kuingia ndani ya hadithi isiyo yao, hilo tulikwisha kulizoea katika mabanda ya video. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili kwa kukaa ndani yake: anawasemea wahusika, anaeleza kinachokuja, anawaonya, anaongeza la kwake, na sauti ya asili inasikika chini yake. Waliokuja baada yake wameendelea. Kizazi cha Watanzania kimejifunza kutazama filamu huku mtu wa pili akiwa ndani, tena kwa furaha, na kikajua daima ni nani anayesema. Mtazamaji huyo anaweza kupita mlango wa Chiyoko bila kushikwa mkono.

Suala la fedha nalitaja kwa ufupi kwa sababu halibadilishi hoja. Uhuishaji ni ghali na unakula muda. Lakini Ubongo, wa Dar es Salaam, wametengeneza katuni za Ubongo Kids tangu mwaka 2014 na Akili and Me zikafuata, zikiwafikia watoto wa nchi nyingi za Afrika. Nairobi ilishatengeneza Tinga Tinga Tales, iliyochukua mtindo wa picha wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, si mbali sana na pwani hii. Mikono ipo. Hata majengo yapo: mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima magofu ya Kilwa kwa miale ya leza na kuyaweka katika kompyuta, jiwe kwa jiwe. Kisiwa kimeshachorwa kwa usahihi ambao Kon hakuwahi kuhitaji. Kilichokosekana ndani ya picha hizo ni mtu.

Linabaki pingamizi ambalo naliona kuwa gumu kuliko yote. Koo za pwani bado zinajitaja kwa Ushirazi, nyingine zinautilia shaka, na jina la Mrimba si la kale tu, kwa kuwa Wamachinga wako hai na wana lao la kusema juu ya kisiwa kilichoondoka mikononi mwa mzee wao kwa bei ya nguo. Filamu itaegemea upande gani? Ikimpendeza Sultani itakuwa imemwoza binti yule mara ya pili. Ikimfanya Mrimba kuwa mtu aliyelaghaiwa na basi, itawatukana wajukuu wa ndoa hiyo, ambao ni nusu ya pwani. Hapa ndipo njia ya Kon inapolipa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa hailazimiki kuchagua. Tukio la kuozwa lichorwe mara mbili. Mara ya kwanza liwe kwa Mrimba, likisemwa Kimachinga, vitambaa vikikunjuliwa na wazee wakivipima kwa mikono, binti akihesabu kimoyomoyo ni vingapi vinavyofika mpaka ufukweni. Mara ya pili liwe kwa Mshirazi, kwa Kiswahili cha Kilwa, na vitambaa vilevile viwe zawadi ya heshima, binti akishikwa mkono na kuingizwa ndani. Mwigizaji ni yuleyule, anatoka katika tukio la kwanza kwa kufungua mlango na kujikuta katika la pili, na sauti yake haibadiliki. Mtazamaji wa Lindi na mtazamaji wa Kisiwani wakae kwenye benchi moja, kila mmoja aone tukio ambalo hakusimuliwa kwao, na wakitoka nje wabishane juu ya binti yule alitaka nini.